Kimya cha Chumba Kitupu

Enyi hadhirina mlioketi, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa adabu zenu, naomba masikio yenu kabla sijaomba imani yenu. Nitakayowasimulia hayakuanza kwa ukelele, wala kwa mlango kugongwa na asiyeonekana. Yalianza kwa birika.

Birika hilo lilikuwa jikoni kwa fundi sauti, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutia sauti katika tamthilia za televisheni, akiifanya katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Asubuhi ile mkewe aliliinjika motoni kama ada, akangoja lipige mluzi. Mvuke ulipanda, kifuniko kikarukaruka, maji yakafurika na kuuzima moto. Mluzi haukusikika. Kifuniko hakikugonga. Hata maji yalipoangukia moto, hayakutoa mlio.

"Baba Kengele," akaita, "hebu njoo uone. Birika limekuwa bubu."

"Limezeeka hilo."

"Limezeeka usiku mmoja? Jana lilikuwa linapiga kelele kama mama yako!"

Kengele alikuwa binti yao, mtoto wa miaka miwili, na lakabu hiyo alipewa na majirani kwa kilio chake, ambacho kilivuka kuta tatu na kumwamsha mwenye nyumba wa upande wa pili. Baba yake aliipenda sauti ile kuliko zote alizowahi kunasa.

Siku hiyo hakuwa na nafasi ya birika. Jioni iliyotangulia ilikuwa imerushwa sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya, na maoni ya watazamaji yalimiminika kama mvua ya masika. Tamthilia mama, iliyopendwa sana, ilimhusu Inspekta wa zama za taa za mafuta, aliyepeleleza mauaji ambayo majini walikuwa na mkono ndani yake. Hii mpya, iliyochipuka ubavuni mwa ile, ilimfuata mjane wake, aliyeirithi taa ya marehemu pamoja na maadui zake.

Mkewe akaketi na simu, akawa anamsomea.

"'Mjane ana macho kuliko marehemu.' Sikia hii: 'Mtoto kamzidi mama, ila yule muuaji sharubu zake za kuazima, nimeziona zikitaka kurudi kwao.'" Akacheka. Kisha akasogeza kidole, akasoma tena kwa sauti ndogo. "'Nani huyo anayepumua nyuma ya mjane?' Na huyu: 'Kuna mwanamke anavuta pumzi, hata pale chumba kikiwa hakina mtu.' Na huyu naye." Akainua macho. "Baba Kengele, nani huyo mwanamke anayehema kwenye kazi yako?"

"Mwanamke gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mwenye hedifoni ni wewe."

Akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni, jicho ambalo wanandoa hulijua. Mume naye akawa na shaka yake: maoni yale yalifanana mno. Akamshuku mwongozaji wa tamthilia kuwa amewalipa watu waandike ili kuinua jina la kazi. Kabla hajampigia, mwongozaji akampigia yeye.

"Fundi, umetia nini humo? Mbona hukuniambia?"

"Sijatia kitu. Wewe ndiye uliyewatuma watu."

"Mimi? Acha mzaha, bwana. Mtu kaniandikia kwamba tangu atazame, saa yake ya ukutani inatembea lakini hailii. Mwingine anasema mlango wake haulii tena hata ukibamizwa. Lakini nisikilize: watazamaji wameongezeka maradufu. Hicho ulichokitia, kwenye sehemu ya pili kizidishe!"

Fundi akaishika simu kwa muda baada ya mwenzake kukata. Akaitazama saa ya sebuleni. Mshale ulikuwa ukitembea. Akasogeza sikio hadi kwenye kioo. Hakusikia kitu.

Sasa, hadhirina, lazima niwaeleze desturi moja ya kazi ile. Kila chumba kina kimya chake, na maneno ya waigizaji yakilala pasipo kimya husikika kama yamekatwa kwa mkasi. Kwa hiyo, tukio likiisha kupigwa picha, watu wote hubaki walipo, wakajizuia hata kukohoa, na fundi hunasa kimya cha chumba ili akitandike chini ya maneno. Watu hubaki, hiyo ndiyo kanuni. Lakini katika ile nyumba kongwe waliyoikodi, joto lilikuwa kali, waigizaji wakanung'unika ndani ya mavazi yao mazito ya kale, na fundi akawahurumia. Akawatoa wote. Akakiacha kinasa sauti peke yake, akafunga mlango. Kimya alichokipata kilikuwa kizito na laini kama mahameli, akakipenda, akakitandika chini ya sehemu yote ya kwanza.

Akaingia chumba cha nyuma, akavaa hedifoni. Akaondoa maneno, akaondoa muziki, akaondoa nyayo na milango, kikabaki kimya peke yake. Pua yake ikapata harufu ya chokaa mbichi na utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Kisha akasikia pumzi: ikiingia polepole, ikitoka polepole, ya mtu aliyekaa karibu sana na kinasa, anayesikiliza kama yeye anavyosikiliza, naye fundi alipojizuia kupumua ili aisikie vizuri, pumzi ile nayo ikajizuia, na alipoachia, ikaachia, mpaka akazivua hedifoni na kuziweka mezani, ndipo akatambua kwamba hazikugonga meza, na kiti alichokisukuma hakikukwaruza, na pumzi ile haikuwa tena ndani ya hedifoni bali nyuma ya shingo yake, ikielekea mlangoni, ikielekea sebuleni, kule mtoto aliko.

Akakimbia. Kengele alikuwa ameanguka kutoka kwenye kochi. Paji la uso limevimba, machozi yanamchuruzika, kinywa kimefunguka hadi koo linaonekana. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na nyumba ilikuwa kimya.

"Analia," mama yake akanong'ona. "Mume wangu, analia, mbona simsikii?"

Waliyemwendea ni shangazi wa mke, mganga mwenye ulimi mkali, kiziwi wa sikio la kushoto. Watu walisema sikio hilo halisikii watu tu, lakini wasioonekana linawasikia. Akalielekeza kwa mtoto, akatulia.

"Chumba chenye watu, kimya chake ni cha watu," akasema. "Chumba kitupu, kimya chake kina mwenyewe. Wewe baba, umebeba kitu cha mtu bila hodi. Naye kachukua cha kwako."

"Nitamrudishia, shangazi. Leo hii."

"Ndiyo, leo. Ungeniletea usoni pangu neno 'kesho' ningekuchapa."

Wakaenda mchana kweupe kwenye ile nyumba kongwe. Mbele ya mlango wa chumba kile shangazi akapiga hodi, akangoja, akapiga tena. Kisha fundi akafungua mlango, akakisukuma kinasa sakafuni ndani ya kizingiti, akakirudisha kimya mahali kilipotoka kwa kukicheza mpaka mwisho, na kukifuta. Harufu ya utambi ikajaa. Kengele, begani kwa mama yake, bado alilia pasipo sauti.

Shangazi akageuza sikio la kushoto kuelekea ndani. Uso wake ukabadilika.

"Anasema hakijatimia. Kingine kiko nje, majumbani mwa watu."

Fundi akampigia mwongozaji. "Iondoe. Sehemu ya kwanza, iondoe sasa hivi, nakuomba."

"Umerukwa na akili? Hata nikiiondoa, watu wameshaipakua. Iko kwenye simu zao, ndugu yangu. Nani ataikusanya?"

Shangazi alikuwa ameyasikia. Akasema taratibu, "Basi anataka rehani. Sauti moja ikae kwake mpaka kimya chake chote kirudi. Anasema anayo tayari."

Mama akamkumbatia mtoto. Fundi akamtazama binti yake, akavua viatu, akavuka kizingiti.

"Iache ya mtoto," akasema. "Chukua..."

Neno la mwisho walimwona akilitamka. Papo hapo kilio cha Kengele kikapasua nyumba, kikavuka kuta, njiwa wakaruka paani, na mama yake akacheka na kulia kwa pamoja, akimwita mumewe, akimwita, asijibiwe.

Birika lao linapiga mluzi hadi leo. Lakini tamthilia ile ingali inatazamwa, na kila wiki yupo anayeandika kuuliza kwa nini bomba lake linadondosha maji bila mlio.

Aliyenihadithia kwanza habari hii ni fundi sauti mwenyewe, kwa chaki, juu ya ubao wa binti yake.