Piano Iliyobisha Hodi

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima wakati Gaspard na mkewe Ernestine walipofika kwenye nyumba ya Mbelgiji, kando ya ziwa, kuchagua piano. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu waasi watimuliwe mjini Uvira. Mzungu hakurudi, na mlinzi wake, mzee Hatungimana, alikuwa akiuza vilivyobaki. Ernestine alitaka piano nzuri ya kumfundishia binti yao Félicité, kama dada yake Sidonie alivyomfundisha yeye.

Zilikuwepo mbili, nyeusi na ya kahawia. Gaspard, kiongozi wa kwaya, hakuwa mtu wa kudanganywa na rangi. Alifungua kifuniko cha ile nyeusi, akamulika nyaya kwa taa. Hazikuwa na kutu. Akabonyeza vibao vyeupe na vyeusi, kimoja kimoja, kutoka kushoto. Sauti safi kabisa. Ernestine akatabasamu, jambo lililokuwa adimu nyumbani kwao tangu vita.

Ikabaki kupima kama imeliwa na mchwa. Gaspard akagonga ubao wa ubavuni kwa kifundo cha kidole, mara moja, akatega sikio.

Ndani kukajibu.

Ko, ko... ko.

Aliondoa mkono ubaoni. Aliijua hodi ile. Mbili za haraka, kimya, halafu moja. Uvira nzima hakuna aliyebisha hivyo ila shemeji yake Sidonie.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia nini?" Ernestine akauliza.

"Muchwa. Iko na muchwa. Tukamate ile ingine."

"Muchwa?" Mzee Hatungimana akacheka. "Weye mwalimu wa kwaya, hii iko muzima kuliko minye mwenyewe!"

Gaspard hakucheka. Wakachukua ile ya kahawia, ambayo vibao vyake vitatu vilikuwa bubu, na Ernestine akatangulia peke yake hadi nyumbani kwao, mtaa wa Kilibula.

Kesho yake jioni wapagazi wanne waliitua sebuleni, kando ya mlango. Mama mkwe, Nyirabahizi, alikuwa akipakua ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Kama kila jioni, alianza na sahani ya Sidonie, akaifunika, akaiweka juu ya kabati. Msafiri huwekewa chake. Kilio hakikufanywa, maana nani humlilia mtu aliye hai? Gaspard ndiye aliyewaambia mama na Ernestine, waliporudi kutoka mavuno ya mpunga Bwegera, kwamba usiku waasi walipowasaka walimu wa misheni, Sidonie akiwa mmoja wao, alivuka ziwa kwa mtumbwi, na kwamba yuko salama Burundi. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yeye alikuwa ameitembea mwaka na nusu. Kila alipoiona sahani ile, aliipa mgongo kwa aibu.

Walikuwa hawajanawa mikono ili wale.

Ko, ko... ko.

Ilitoka ndani ya piano hii pia. Harufu ya nguo mbichi, iliyolowa maji ya ziwa, ikajaa chumba.

Mama Nyirabahizi akasimama, akaishusha sahani kabatini. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Ni Sidonie! Mutoto yangu amerudi! Mukwe, umufungulie mulango!"

Ernestine hakuinuka. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Baba Félicité," alisema polepole. "Unafanya nini?"

Gaspard akajitazama. Hakukumbuka kuinuka. Alikuwa ameuegemea mlango kwa bega, mikono yote miwili ikikandamiza komeo. Ndivyo alivyosimama usiku ule wa msako, huku nje sauti ikinong'ona: "Shemeji, ni minye... fungula..." Mpaka vishindo vya buti vikaja. Mpaka sauti ikakoma.

"Alikuya," akasema, na machozi yakamshinda. "Ile usiku alikuya hapa. Sikumufungulia. Niliogopa."

Piano haikubisha tena.

Mama Nyirabahizi aliitazama sahani. Kisha akaigeuza kifudifudi mezani, akavua kitambaa cha kichwani, akaketi sakafuni kama wanavyoketi wafiwa. Ernestine akaketi kando yake. Hakuna aliyemwita Gaspard.

Ko, ko... ko.

Safari hii ilikuwa mlangoni. Aliisikia mbaoni, kwenye bega lake.

"Umufungulie," mama akasema, bila kuinua uso.

Gaspard alitaka. Mungu ni shahidi, alitaka. Lakini mikono ilikataa kuachia komeo.