Kiambatisho cha Dada

Mtoto alinyamaza ghafla, na hapo ndipo mama yake aliposhtuka, maana mwenye njaa yule hanyamazi bure.

Mama alikuwa mezani na tasnifu ya dada yake. Kazi yake ndiyo hiyo, kusahihisha tasnifu za watu nyumbani, na kila neno alilisoma kwa sauti. Jicho huruka kosa, alizoea kusema, lakini ulimi hujikwaa nalo. Hii ya nyimbo za waganga dada aliileta mwenyewe, dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kiambatisho cha mwisho usikiruke, mdogo wangu. Kisome vile ulivyozoea."

"Lakini dada, ni nyimbo tu."

"Hizo hasa."

Sasa alikuwa katikati ya wimbo, jua la mchana limejaa dirishani, na harufu ya udi ikaingia, na nyumba ile haikuwa na udi. Mtoto alitazama nyuma ya bega la mama yake, akacheka. Mama akasoma mstari mwingine haraka haraka, na alipotua kuvuta pumzi, mtu akaumalizia palepale nyuma yake, kwa sauti ya chini, bila haraka, kama wanaopokezana.

Hakugeuka. Alimnyakua mtoto na simu, akatoka mbio, peku, hadi kibarazani, akampigia dada.

"Umefika kwenye kiambatisho?" dada aliuliza hata kabla ya salamu.

"Dada, kuna mtu ndani!"

Dada akashusha pumzi, ile ya mtu aliyetuliwa gunia. "Basi leo nitapata usingizi."

"Ulijua?"

"Alinifuata nilipokuwa nakusanya zile nyimbo. Mganga akaniambia haondoki huyu, anahama tu, kwa anayesoma wimbo wake kwa sauti. Sasa nani mwingine anasoma kwa sauti? Msimamizi wangu anapekua kurasa kama anatafuta picha!" Akacheka, kisha akaacha.

"Dada, nina mtoto anayenyonya!"

"Najua. Na huyo aliyenifuata alikuwa akimuulizia mtoto huyo kila siku."

Mama akautazama mlango aliouacha wazi.

"Mpe mwingine asome," dada akanong'ona. "Mtu anayekuamini. Asiyekuamini atauliza maswali." Simu ikakatika.

Ndani karatasi zikaanza kufunuliwa, moja, nyingine, nyingine, na wimbo ukaanza upya kutoka mstari wa kwanza, na safari hii sauti ilikuwa ya dada, ileile iliyombembeleza yeye mwenyewe alipokuwa mdogo hata akalala. Mama akamkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na mtoto akijinyonganyonga kifuani, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni, kama afanyavyo kila mara mama mkubwa anapokuja.