Kikaango cha Dada Mwantumu

Kila asubuhi, wakati Amna akifunga kamba za viatu vya shule, dada yake Mwantumu alimeza kidonge kimoja kwa maji. Amna alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wao walikuwa Mtua, Nachingwea. Yeye alisoma huku Namungo, Ruangwa, akikaa kwa dada yake na shemeji yake Isihaka, mchimbaji wa dhahabu.

"Dada, kila siku dawa! Kwani unaumwa?"

"Siumwi mie. Namwandalia mgeni."

"Una mimba?"

Mwantumu akacheka. "Bado, we mtoto una mdomo! Shamba la ufuta tunalifyeka lini? Mvua ikishanyesha?"

"Kabla."

"Haya basi."

Mwaka uliopita mimba yake ilitoka ikiwa na miezi minne, na kwa wiki nyingi nyumba ile haikusikia kicheko. Safari hii alikwenda zahanati mapema, tena na mumewe. Muuguzi Josephina aliwapima damu wote wawili, akampa Mwantumu vidonge vya foliki asidi, vya kuulinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto tangu siku zake za kwanza. Kisha akamgeukia Isihaka. "Baba, ile zebaki mnayokamatia dhahabu isiingie nyumbani. Ukiichoma, mvuke wake hauna harufu, lakini unaingia mwilini mwa mama, na unaweza kumdhuru mtoto tumboni."

Isihaka aliitikia. Amna alikuwepo, alisikia.

Alhamisi moja Amna alirudi kutoka shuleni, dada yake akiwa bado shambani anavuna ufuta. Jikoni alimkuta Isihaka ameinama juu ya jiko la mkaa. Ndani ya kikaango cha kupikia kulikuwa na donge dogo la dhahabu na zebaki, la rangi ya fedha, likigeuka taratibu kuwa la manjano.

"Shemeji! Si muuguzi alisema..."

"Shh! Toka humu, kaa nje. Kule machimboni jana mtu kaibiwa dhahabu yake mchana kweupe. Leo tu, mara moja." Akafuta kikaango kwa kitambaa, akakitundika ukutani. "Dada yako asijue. Ukinyamaza, Jumamosi nakupeleka Ruangwa mjini ukaone mpira."

Amna alipenda mpira kuliko wali. Akanyamaza.

Jua likiwa bado juu kidogo, Mwantumu akarudi, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Akanawa, akakata vitunguu huku akiimba, kisha akakitungua kikaango. Akamtazama shemeji yake. Isihaka aliangalia miguu yake mwenyewe.

Dada akakiweka kikaango juu ya moto.

"Amna, niletee mafuta."

Amna hakuinuka.

"We Amna! Masikio umeyaacha shule?"

Akainuka, lakini hakuyafuata mafuta. Alishika mpini, akakitupa kikaango uani. Bakuli la vitunguu nalo likapigwa kumbo, vikamwagika.

"Una wazimu?" Mwantumu akapiga kelele.

"Shemeji amechomea dhahabu humo! Dada, usipumue, toka nje!"

"Mtoto mwongo huyu!" Isihaka akafoka. Mkewe alimtazama, machozi yakimlengalenga. Machozi yale yalimshinda Isihaka. "Ni kweli," akasema. "Nisamehe, mke wangu. Niliogopa kuibiwa."

Jiko halikuwashwa tena siku ile. Asubuhi walikwenda zahanati wote watatu, na Amna akaeleza yote, hata ahadi ya mpira. Muuguzi Josephina aliwachunguza mmoja mmoja.

"Mimba haijaingia, kwa hiyo tunayo nafasi," alisema. "Mwantumu, subirini kwanza kutafuta mimba. Nakuandikia ukapime zebaki mwilini, hospitali ya wilaya, vidonge usiache. Kikaango hicho kisipikiwe tena. Kifungeni, afisa afya atawaelekeza pa kukipeleka. Jikoni paoshwe, milango ikae wazi. Na wewe baba, dhahabu ichomwe hukohuko machimboni, kwenye chombo kinachonasa mvuke, na nguo za kazi zisivuke mlango."

"Mimba ya mwaka jana, ni mimi niliiua?" Isihaka aliuliza, sauti chini.

"Hilo siwezi kusema, na usijihukumu kwa lisilojulikana. Ninachojua ni kwamba mtoto huanza kutunzwa kabla mimba haijatungwa, na kazi hiyo ni ya nyumba nzima, si ya mama peke yake. Siri inayomwumiza mtu si ya kutunzwa. Amna ameanza kumlea mtoto ambaye bado hajaja."

Wakiwa njiani kurudi, Isihaka alinunua kikaango kipya, akampa Amna akibebe.

"Jumamosi twende mpirani," akasema.

Amna akasita. "Lakini shemeji, sikunyamaza."

"Ndiyo maana tunakwenda."