Mkoba wa Gari la Mayai

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, Trei alikuwa uani akipanga mayai garini. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamekwisha kulisahau. Walimwita Trei kwa sababu ya trei za mayai alizobeba tangu ujana wake. Alinunua mayai kwa wafugaji, akayapeleka madukani.

Gari lake lilikuwa dogo na la zamani. Trei hakutaka liwe na nafasi tupu hata ya kupenyeza kidole. Kwanza alitoa jeki, ikaingia trei moja. Kisha akatoa spana, blanketi kuukuu na dumu la maji. Mwishowe akatoa hata tairi la akiba, akalilaza uani. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akalijaza vitambaa vilivyobaki. Kuku akalipenda, akaanza kutaga humo.

"Mwenzangu, tairi la gari linataka kuangua vifaranga," mkewe alimtania. "Siku ukipata pancha, utafunga kuku?"

"Gari langu ni la kazi, si kabati," Trei alijibu. "Kisichotagwa na kuku, kishuke."

Wakacheka wote. Mama yake Trei, aliyekuwa akiota jua mlangoni, naye akacheka. Mama alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Alichoma sindano ya dawa asubuhi na jioni. Nesi alimwonya: akishachoma sindano, asikae bila kula.

Siku moja Trei alikwenda kuchukua mayai kwa mfugaji wa mbali. Mama akaomba lifti. Mdogo wake aliishi njia hiyo hiyo, naye alikuwa mgonjwa.

Jioni Trei alimpitia. Mvua ilikuwa imeanza. Mama alikuwa amekwisha kuchoma sindano, na chakula kilikuwa bado jikoni.

"Twende tu, Mama. Utakula nyumbani. Ni mwendo mfupi."

Mama akapanda. Alikaa nyuma, trei zikiwa zimembana kulia na kushoto, na nyingine ameipakata.

Walikuwa nusu ya njia gari lilipoyumba. Trei alishuka. Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha upepo wote. Akafungua buti kwa mazoea, akakuta mayai. Akatazama simu. Ilikuwa imezima. Mvua ikaongezeka. Giza likaingia.

"Mwanangu," Mama aliita kwa sauti ndogo. "Mikono inanitetemeka."

Alikuwa anatoka jasho, na huku kuna baridi. Baadaye akaanza kusema mambo yasiyoeleweka. Alimwita Trei kwa jina la marehemu baba yake. Trei akajua kwamba sukari ya mwilini imeshuka. Alipapasa kila mahali: kwenye dashibodi, chini ya viti, mifukoni. Akatafuta pipi, soda, kipande cha mkate. Hakukuwa na kitu. Gari limejaa chakula mpaka kwenye paa, na mgonjwa hana cha kutia mdomoni. Nani humlisha mama yake yai bichi?

Aliona taa ya nyumba kwa mbali. Akamshika Mama, wakaanza kutembea. Hakuwa na tochi. Tope likavuta ndala moja ya Mama, ikabaki humo. Mama hakujua kwamba imemtoka. Kwa watu wengi wenye kisukari cha muda mrefu, miguu hufa ganzi. Alikanyaga bati lenye kutu, wala hakusikia maumivu.

Kabla hawajaifikia nyumba ile, lori liliwakuta wamesimama kando ya barabara. Dereva aliruka chini kabla halijasimama vizuri.

"Anaweza kumeza?" aliuliza.

"Anaweza."

Dereva alikuwa na nusu chupa ya soda aliyokuwa akiinywa. Akafuta mdomo wa chupa kwa shati lake, ndani na nje, kama mtu anayemtengea mgeni. Ndipo akamnywesha Mama, kidogo kidogo. Fahamu zikamrudia. Dereva akawapakia, akawafikisha hospitali. Hakutaja hata jina lake.

Sukari ya Mama ilirudi sawa, lakini mguu haukupona. Kidonda cha lile bati kilikula kidole kidogo. Daktari akakikata.

"Kidonda hiki kisafishwe hapa hospitali kila baada ya siku mbili," daktari alisema. "Mkikiacha kikapanda, tutakata mguu."

Kwa wiki moja Mama alilazwa, akahudumiwa hapo hapo. Kisha akaruhusiwa, akaletwa nyumbani na gari la hospitali. Siku ya kwanza ya kurudi kusafishwa, Trei alilisogeza gari mpaka mlangoni. Mama akalitazama. Akageuza uso ukutani.

"Siingii."

"Mama, kidonda..."

"Gari hilo nalijua. Lilininyima hata chembe ya sukari. Kama ni kufa, nitafia kitandani, nimejifunika shuka langu."

"Basi twende polepole."

"Polepole ndiyo nini? Hata jeneza huenda polepole."

Siku hiyo hakwenda. Ya pili nayo ikapita. Mabasi hayakufika upande wao, na baiskeli haikufaa kwa mguu ule. Mvua ilinyesha bila kuchoka. Nyumba ikajaa harufu ambayo kila mtu aliisikia na hakuna aliyeitaja. Mkewe Trei alibadilisha bendeji kwa maji aliyoyachemsha, akisema hadithi za wateja wake ili Mama asitazame chini. Trei aliacha kutaniana na watu. Alipanga mayai yake kimya kimya. Majuto yalimkaa shingoni kama mzigo usio na mahali pa kuutua.

Jirani yao mmoja alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, lakini mtaa mzima ulimwita Mama King'ora. Alikuja kumjulia hali Mama, amebeba shuka safi alilolipiga pasi. Hakuanza kwa mashauri. Alitandika shuka, akamweka Mama sawa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, unaogopa nini hasa?"

Mama alishika pindo la shuka lile.

"Naogopa kutetemeka gizani, na mwanangu ananipapasia mifuko mitupu. Uso wake ule sitaki kuuona tena."

Trei alikuwa amesimama mlangoni. Akatoka nje.

Mama King'ora alimfuata uani.

"Gari langu la wagonjwa ni la wanaokata roho," alisema. "Siwezi kulileta kila baada ya siku mbili. Lakini nitakufundisha tunavyofunga safari. Mama haogopi gari, Trei. Anaogopa kukosa. Tuondoe kukosa."

"Nianze wapi?"

"Anza kwa kumfukuza kuku."

Trei akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Kuku alihamishiwa kwenye boksi, akipiga kelele za kuonewa. Tairi likasafishwa na kujazwa upepo. Likarudi garini pamoja na jeki na spana.

"Sasa fikiria umekwama," Mama King'ora alisema. "Mvua inanyesha. Hakuna nyumba. Mwili unataka nini kwanza?"

"Maji," Trei alisema.

"Weka maji ya kunywa, chupa zilizofungwa. Kisha?"

"Kula."

"Kitu kisichopikwa na kisichoharibika upesi. Biskuti, karanga. Na kwa Mama, sukari au glukosi. Akianza kutetemeka na bado anameza, mpe mara moja. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, uite msaada."

Mkewe Trei aliacha cherehani, akasogea karibu. Wakaendelea hivyo, wakitaja na kuleta. Blanketi kwa ajili ya baridi. Koti la mvua. Tochi na betri za ziada, maana tochi isiyo na betri ni fimbo tu. Betri ya kuchajia simu, imejazwa chaji. Filimbi, kwa sababu sauti ya mtu hukauka lakini filimbi haikauki. Bendeji, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, glovu na mkasi. Pembetatu nyekundu inayong'aa, ya kuweka barabarani nyuma ya gari ili wengine wasije wakakugonga. Kamba imara ya kuvutia gari. Waya za kuwashia gari kwa betri ya gari jingine. Viatu vya kufunika vidole vya Mama. Kikaratasi chenye namba za simu za hospitali na za ndugu, kwa sababu simu ikizima, namba nazo huzima nayo.

"Na petroli kwenye chupa?" Trei aliuliza.

"Hapana! Hiyo ni moto unaosubiri kiberiti. Jaza tangi kabla ya safari ndefu, basi."

"Na sindano za Mama?"

"Hizo usiziache garini. Joto la gari lililofungwa huua dawa. Zipande na Mama, zishuke na Mama."

Mkewe Trei alishona mkoba wa turubai wenye mifuko mingi. Akaweka kifungo kikubwa kwenye mfuko wa sukari, ili mkono uutambue hata gizani. Trei alifurahi. Akauweka mkoba kwenye buti, akapanga trei zake juu yake, akamwita jirani aje kuona.

Mama King'ora aliangalia.

"Vizuri. Mama anatetemeka. Nipe sukari."

"Sasa hivi?"

"Anatetemeka, Trei."

Trei akaanza kushusha trei. Moja, nyingine, nyingine tena. Moja ikamponyoka. Mayai yakapasuka miguuni mwake. Alipoufikia mkoba, jasho lilikuwa linamtoka. Aliinua macho. Mama alikuwa dirishani, ametazama yote.

Hakuna aliyecheka.

Trei alifuta mikono. Akauchukua mkoba, akauweka ndani ya gari, nyuma ya kiti chake, mahali ambapo Mama angeufikia bila kuinuka. Trei za kiti cha nyuma akazishusha zote. Hazikurudi tena.

"Hapo sawa," Mama King'ora alisema kwa upole. "Na kila mwezi ufungue mkoba. Angalia maji, angalia betri, angalia tarehe. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao hawakuwa na biskuti."

Kutoka dirishani Mama akasema, "Nileteeni huo mkoba niuone."

Aliupapasa mfuko baada ya mfuko, amefumba macho. Akatoa sukari. Akairudisha. Akatoa tena. Kisha akasema, "Nipeni kanga yangu."

Waliondoka asubuhi iliyofuata. Trei alihakikisha Mama amekula kwanza. Mama alikaa nyuma, mguu ameunyoosha, mkono mmoja juu ya mkoba.

Kwenye bonde wakakuta maji yamepita juu ya daraja. Yalikuwa ya rangi ya udongo, nayo yalikwenda kasi. Gari dogo la mbele yao lilikuwa linarudi nyuma. Trei alikumbuka kidonda. Akakumbuka daktari. Akakanyaga mafuta kidogo.

"Mwanangu," Mama alisema. "Kidonda kitasubiri. Maji hayo hayamsubiri mtu."

Trei akarudi nyuma mpaka mahali pa juu. Akazima injini. Akaweka pembetatu barabarani. Akapiga simu hospitali kwa namba ya kwenye kikaratasi, akasema watachelewa kwa sababu ya maji. Nesi akasema watawapokea hata jioni.

Wakakaa. Mvua ilipiga paa la gari. Muda wa Mama kula ukafika, ukaanza kupita. Trei alimtazama kwenye kioo. Mikono ya Mama ilikuwa imeanza kutetemeka. Trei akaachia usukani ili ageuke. Lakini kabla hajageuka, Mama alikuwa amekwisha kufungua kile kifungo kikubwa. Alilamba sukari, akanywa maji, akala biskuti. Kisha akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Umeona?" alisema. "Hukunipapasia mifuko."

Trei akaondoa macho kwenye kioo. Akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama.

Kwenye gari jirani alikuwamo mwanamke mwenye mtoto anayelia kwa kiu. Mama akamtuma Trei apeleke maji na pakiti ya biskuti. "Mwambie asirudishe," alisema. Baada ya muda Mama akalala, akikoroma polepole, kwenye lile gari aliloliita jeneza.

Maji yalishuka mchana. Walisubiri mpaka daraja lote likaonekana na wengine wakavuka salama, ndipo wakavuka. Walifika hospitali jioni, wamechoka, nguo zikiwa na unyevunyevu.

Nesi alifungua bendeji. Akainama, akanusa, akakunja uso. Alikisafisha kidonda kwa muda mrefu. Trei alisimama ukutani, macho chini.

"Mngekaa wiki moja zaidi, mguu ungekwenda," nesi alisema. "Lakini nyama ya ndani bado hai. Mkija kila siku niliyowapangia, mguu huu utabaki."

Walikwenda kila siku waliyopangiwa. Mvua haikuacha, na mara mbili zaidi barabara iliwazuia. Kidonda kikafunga taratibu. Kidole hakikurudi, na Mama alitembea akichechemea maisha yake yote. Lakini alitembea.

Jioni ile ya kwanza, Trei alipomsaidia kupanda garini kurudi nyumbani, Mama hakumruhusu awashe injini. Alikuwa ameuweka mkoba mapajani na kuutia mkono ndani.

"Biskuti zimekwisha," alisema. "Maji yamebaki chupa moja. Tupitie dukani kwanza, mwanangu. Kisha twende nyumbani."