Foleni ya Madumu

Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa bomba la maji. Kazi yenyewe: kufungua kufuli la koki asubuhi, kulifunga jioni, na kutukanwa katikati. Watu walipanga madumu, wakaenda kutafuta kivuli. Dumu lako likiwa kwenye mstari, basi nawe upo.

Mwaka wake wa tatu kazini mvua zikagoma. Wafugaji wakaja na ng'ombe waliobaki mifupa. Maji yalikuwa kiduchu, basi zamu yao ilipofika mjomba akafunga kufuli, awabakizie majirani zake. Mapigano yakazuka; siku hiyo walikufa watu kumi na saba, wa huku na wa kule. Kwenye semina wanaiita resource conflict, huku wanakunywa maji ya chupa. Nina degree ya mazingira na sina kazi, so naruhusiwa kutukana.

Mji mzima ukahama. Mjomba akabaki. Mama akanituma nikamchukue.

Nilifika saa sita mchana, jua la utosini. Milango wazi, hata mbwa hakuna. Mjomba alikuwa kibandani, ameshika ufunguo. Nje, madumu kumi na saba, yamenyooka kama wanafunzi paredi.

"Msomi! Umepata kazi?"

"Bado, mjomba. Twende. Bomba limekauka."

"Punguza sauti." Akanisogelea sikioni. "Yanasogea. Kila siku hatua moja."

"Ni upepo tu."

"Upepo gani unajua foleni?"

Hakukuwa na upepo.

"Kesho la kwanza linafika," alinong'ona. "Safari hii siwafungii. Nikiondoka, watamkuta nani?"

Nilimbembeleza mpaka akachoka. Akasema sawa, tutaondoka asubuhi.

Asubuhi viatu vyake vilikuwa mlangoni. Yeye hayupo.

Kufuli lilikuwa wazi, ufunguo umo ndani yake. Koki imefunguliwa hadi mwisho. Kavu. Dumu la kwanza lilikuwa chini yake.

Nikahesabu. Nikarudia.

Kumi na nane.

La mwisho lilikuwa la mjomba, lenye kamba ya bluu. Jana nililikalia kibandani.

Nilikimbia. Sikugusa kitu. Naapa, sikugusa kitu.

Nilipofika kwa mama, mfuko wa suruali ulikuwa umelowa. Nikaingiza mkono. Ufunguo.

Huku nako mvua hakuna. Nimeuanika juani wiki tatu sasa.

Haukauki.