Winchi Ajifunza Kutobeba

Kazi ya nyumba yetu ni kuhamisha samani za watu. Mtu akihama, anatuita. Tunakwenda na lori, kamba, na magodoro makuukuu ya kukinga makabati yasikwaruzwe. Mume wangu alianza kazi hii pamoja na mdogo wake. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Mdogo wake ndiye aliyekuwa msemaji wa wote wawili.

Kila asubuhi shemeji yangu huyo alipita jikoni kuchukua chai, na kila asubuhi alinichokoza.

"Shemeji, leo umeamka na sura ya kabati lililokosa mlango."

"Na wewe umeamka na sura ya aliyelipakia," nilimjibu.

Mume wangu alicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika. Hilo nalikumbuka kuliko mambo mengi.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti. Baba yake alimwita Winchi, kwa sababu alinyanyua vitu ambavyo wanaume wazima waliviacha chini. Alipomaliza sekondari aliingia kwenye lori pamoja nao. Niliwasikia kutoka jikoni wakipakia uani.

"Winchi, piga goti chini ya mzigo!"

"Nimepiga, Baba Mdogo."

"Haya, twende... juu!"

Katika kazi yetu, amri ikitoka, wote wanainua kwa pamoja. Hakuna kusitasita. Ukisitasita, kabati linakulalia. Kwa makabati, huo ni utaratibu mzuri.

Siku moja kamba ilikatika. Mume wangu alianguka kutoka juu ya lori, hapo hapo uani kwetu. Alilala chali, anapumua, macho wazi. Aliniita. Shemeji na wabebaji wakamkimbilia. Huyu akashika mabega, yule akashika miguu.

"Haya, twende... juu!"

Walimlaza ndani ya lori juu ya yale magodoro, wakaendesha mbio mpaka hospitali. Alifariki siku iliyofuata.

Baada ya mazishi, kazi ilirudi, kwa sababu watu hawaachi kuhama. Lakini shemeji alichukua chai yake bila kunitazama. Utani ulikwisha. Nami sikuwa na la kumjibu mtu asiyenichokoza.

*

Jirani yetu ni mhudumu wa dharura. Ni mmoja wa wale wanaokuja na gari la wagonjwa, wakamhudumia mtu pale pale alipo kabla hajafika hospitali. Mtaani tunamwita King'ora. Si kwa sababu ya gari lake tu. Akicheka, nyumba zote zinasikia.

Jioni moja alikuja kunisaidia kumenya viazi. Winchi alikuwa anaosha vyombo. Ghafla akageuka, mikono imejaa povu.

"Shangazi, niambie ukweli. Baba alipaswa kubebwa vipi?"

King'ora aliweka kisu chini. Alinitazama kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa aendelee.

"Mwanangu, hapakuwa na haja ya kumbeba," alisema. "Mtu akianguka kutoka juu, huenda mfupa wa shingo au wa mgongo umevunjika. Ndani ya mifupa hiyo mnapita mshipa mkuu wa fahamu. Ndio unaotufanya tutembee, tushike vitu, hata tupumue. Ukimwinua ovyo, mfupa uliovunjika unaweza kuukata."

"Kwa hiyo tumwache tu chini?"

"Mwache alipo, labda kama kuna hatari, kama moto au magari yanapita. Piga simu ya dharura. Tazama kama anapumua. Kama anavuja damu, bana jeraha kwa kitambaa safi. Mwambie asigeuze kichwa, na mtu mmoja amshikie kichwa kitulie. Usimpe maji wala chakula. Basi, unatusubiri."

"Na kama hapumui?"

"Hapo mambo yanabadilika. Mtu asiyepumua hana muda. Unaanza kumbana kifua mara moja, kwa nguvu na kwa kasi, huku mwenzako anapiga simu. Lakini hilo hujifunzi kwenye viazi. Unajifunza kwa mazoezi."

Kisha nikauliza lile nililokuwa nalo tangu mazishi. "Je, angepona?"

"Dada, hakuna anayejua," alisema kwa upole. "Pengine aliumia vibaya tangu alipogonga chini. Walifanya walichokijua. Wasihukumiwe kwa wasichokijua."

Winchi akafuta mikono kwenye sketi. "Nataka kazi hiyo. Mtu anaanzaje?"

King'ora akacheka, na nina hakika mtaa mzima ulijua kuna jambo kwetu. "Anaanza kwa kujua kwamba si kazi ya kuendesha gari kwa fujo! Cheti chako cha sekondari kina baiolojia?"

"Kina, na nilifaulu."

"Vizuri. Anza na kozi fupi ya huduma ya kwanza, ujipime kama damu inakutia kizunguzungu. Kisha omba nafasi katika chuo kinachotambuliwa na wizara ya afya. Uliza kwanza, maana kuna vyuo vya mabango tu. Utasoma darasani, utafanya mazoezi kwa midoli, kisha hospitalini, kisha ndani ya gari chini ya msimamizi. Ukifaulu mitihani, unasajiliwa. Bila usajili hugusi mgonjwa."

Hatukujua kwamba shemeji amesimama mlangoni. Alikuja kuomba ufunguo wa lori.

"Kwa hiyo," alimwambia Winchi, "unakwenda kujifunza jinsi nilivyomuua baba yako."

Winchi alimgeukia.

"Hapana, Baba Mdogo," Winchi alisema. "Nakwenda kujifunza cha kufanya siku nyingine."

Shemeji alichukua ufunguo, akaondoka. Mimi nilimwambia binti yangu aende kusoma.

*

Darasani Winchi hakupata shida. Alijifunza mapigo ya moyo, namna ya kupima shinikizo la damu, namna ya kufunga mfupa uliovunjika. Shida ilikuwa mikono yake.

Katika jaribio la kwanza la vitendo, mdoli alilazwa chini ya ngazi. Wanafunzi waliambiwa ni mtu aliyeanguka. Winchi hakusubiri. Alipiga goti, akapitisha mikono chini ya mdoli, akasema, "Haya, twende... juu!" Kabla wenzake hawajafika, mdoli alikuwa tayari juu ya machela.

Mkufunzi alizunguka machela taratibu.

"Hongera," alisema. "Mgonjwa wako amefika haraka sana. Sasa rudi ukamchukulie shingo yake, umeiacha sakafuni."

Darasa zima likacheka. Winchi hakucheka. Aliambiwa atapewa jaribio moja zaidi. Akirudia kosa hilo, hatapanda gari la wagonjwa. Atarudi nyumbani kwenye lori.

Alinieleza haya akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, ameinama. "Mama, kichwa changu kinajua. Mikono ndiyo inayonitangulia."

King'ora alipopata habari alikuja na taulo mbili za kutegemeza kichwa. Alinitazama. "Dada, lala hapo sakafuni."

"Nina maharage jikoni!"

"Maharage hayavunjiki shingo. Lala."

Nikalala. Kutoka pale chini niliona buibui darini, na nyuso mbili zimeniinamia.

"Winchi, wewe kaa kichwani," King'ora alisema. "Weka mikono huku na huku. Shika kichwa kikae sawa na mwili. Kwenye lori, mwenye nguvu anabeba uzito. Kwetu sisi, anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri, na hainui kitu chochote. Wengine wote wanasubiri neno lake."

"Nishike tu? Shangazi, hiyo si kazi ya mvivu?"

"Jaribu, utanieleza."

Alinishika. Mwanzoni vidole vyake vilitaka kupenya chini ya mabega yangu aniinue. Kisha vikatulia. King'ora akamfundisha kuzungumza na mgonjwa: amtaje jina, amwambie kinachofanyika, amzuie kutikisa kichwa hata kwa kusema ndiyo. Tulirudia karibu kila jioni. Maharage yaliungua mara kadhaa, tukayala hivyo hivyo.

*

Ilikuwa kabla ya jaribio la pili. Siku hiyo Winchi hakuwa na darasa, alikuwa nyumbani. Shemeji na wabebaji walikuwa uani wanashusha kabati kubwa. Mimi nilikuwa naanika nguo.

Nilisikia mguu ukiteleza kwenye chuma. Nilisikia kishindo. Nilipogeuka, shemeji alikuwa amelala chali kando ya gurudumu, karibu kabisa na pale alipolala kaka yake.

Shuka lilinidondoka.

Wabebaji walikuwa wamekwisha kumfikia. Mmoja, mrefu tunayemwita Twiga, alikuwa ameshika mabega. Mwenzake alikuwa ameshika miguu.

"Haya, twende..."

"Hakuna kwenda!" Winchi alitoka ndani mbio, kiatu kimoja mguuni. "Twiga, achia taratibu. Wewe pia. Msimnyanyue!"

"Winchi, ni mzee wetu huyu! Tutamwacha chini kama gunia?"

"Utamwacha. Simama pale langoni, gari likija ulionyeshe njia. Na wewe weka mawe kwenye magurudumu, lori lisisogee."

Alipiga magoti kichwani pa Baba Mdogo wake, akaweka mikono huku na huku.

"Baba Mdogo, usigeuze kichwa. Nijibu kwa mdomo tu. Unaumwa wapi?"

"Shingo. Niinueni, nimechafuka."

"Huinuki."

"Mimi ndiye ninayetoa amri kwenye uwanja huu!"

"Leo amri anatoa aliyeshika kichwa. Tikisa vidole vya miguu. Vizuri. Na vya mikono. Mama! Piga simu ya dharura, uweke sauti nje sote tusikie."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilipiga. Mtu wa upande wa pili aliuliza tuko wapi, nikamweleza mtaa na lango letu la bluu. Akauliza kimetokea nini, kama mgonjwa anaongea, kama anapumua. Nikajibu yote.

"Anaongea?" shemeji alinung'unika pale chini. "Mwambie nimekatazwa kufanya kingine chochote."

"Usikate simu mpaka akuambie," Winchi alinikumbusha.

Kisha tukasubiri. Nilielewa wakati ule kwa nini King'ora alimwambia Winchi ajaribu kwanza, ndipo aseme kama hiyo ni kazi ya mvivu. Jua lilimpiga Winchi usoni. Jasho liliingia machoni, hakulifuta. Misuli ya mikono ile iliyobeba makabati ilikuwa imekaza, na kazi yake yote ilikuwa kutofanya lolote. Shemeji alifumba macho.

"Kaka alikuwa hapa hapa," alisema polepole.

"Najua, Baba Mdogo. Usitikisike."

"Sikujua, Winchi. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua."

Chozi lilimtiririka mpaka kwenye vidole vya binti yangu. Hakuna aliyelifuta. Mikono ilikuwa na kazi.

King'ora kilisikika barabarani, na King'ora mwenyewe akaingia na mwenzake, wamebeba machela, ubao wa kumlazia mgonjwa na kola ngumu ya shingo. Aliona yote kwa mtazamo mmoja. Hakumwambia Winchi asogee.

"Endelea kushika," alisema. "Wewe ndiye uliye kichwani. Tunasubiri neno lako."

Walimvisha kola. Walijipanga ubavuni. Winchi akavuta pumzi. Hakupaza sauti.

"Tutamgeuza mwili wote kwa pamoja, taratibu. Mko tayari? Haya... sasa."

Shemeji aligeuka kama gogo moja, kichwa, kifua na miguu. Ubao ukaingia chini yake. Wakamlaza tena, taratibu.

*

Hospitalini walimpiga picha. Daktari alitoka akiwa ameishika mkononi.

"Mfupa mmoja wa shingo umepata ufa," alisema. "Lakini haukusogea, na mishipa ya fahamu ni mizima. Atavaa kola mpaka upone, kisha atatembea kama zamani. Nani alikuwa naye alipoanguka?"

Nilimwonyesha binti yangu, aliyekuwa amelala kwenye benchi na kiatu chake kimoja.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nililia, na safari hii kilio hakikuniacha mzito. Kilikuwa kama kuteremsha mzigo niliousahau mgongoni.

Jaribio la pili Winchi alifaulu. Mkufunzi alimwuliza mdoli kama ana malalamiko, akajijibu mwenyewe kwamba hana. Winchi alimaliza mazoezi ndani ya gari, akafanya mtihani wa mwisho, akasajiliwa. Kwenye lori letu nako mambo yalibadilika. Karibu na usukani tumebandika nambari ya dharura kwa herufi kubwa. King'ora aliwafundisha wabebaji wote uani, na Twiga, kwa urefu wake, ndiye aliyekuwa mgonjwa. Siku hizi anayeajiriwa kwetu hagusi kamba kabla hajajua kumshika mwenzake kichwa.

Asubuhi ya siku Winchi alipoanza kazi rasmi, alisimama jikoni na sare yake mpya. Nilimnyoosha kola ya shati ingawa ilikuwa imenyooka. Nilitamani baba yake angeiona. Nikafikiri mabega yake yangetikisika.

Shemeji aliingia kuchukua chai. Jana yake walikuwa wamemvua kola ya shingo. Miezi yote ile, akitaka kumwona mtu, alilazimika kugeuka mzima mzima kama mlango. Sasa alisimama katikati ya jiko. Akageuza shingo kulia, taratibu. Akageuza kushoto. Kisha akanitazama vizuri.

"Shemeji," alisema, "kumbe bado una sura ya kabati lililokosa mlango."

Winchi akashika mdomo. Mimi nilikuwa na buli mkononi, ikabidi niliweke mezani, kwa jinsi nilivyocheka.