Aliyekaa Puani mwa Mtumbwi

Alfajiri ile Pilipili hakusema neno, na hilo lilimshangaza mjomba wake. Binti huyo wa miaka kumi alipewa jina hilo kwa ulimi wake usiolala. Leo kajikunyata puani mwa mtumbwi ndani ya sweta la mama yake, kimya.

"Leo hata salamu, Pilipili?"

"Usingizi, mjomba."

Mjomba mwenyewe walimwita Cheche, mchomeleaji wa mageti. Tangu shemeji yake, mume wa dada yake, afariki, mtoto huyu alikuwa kama wake. Alikuwa amemwahidi kumfundisha kuvua, wakanyata kutoka nyumbani mama mtu akiwa bado anakoroma.

Katikati ya bwawa, vyura wakanyamaza wote kwa mpigo. Ukungu ukashuka. Kukanuka ubani, kana kwamba mtu kafukiza chetezo juu ya maji. Kisha simu ya Cheche ikaita. Alikuwa dada yake, ananong'ona huku akilia.

"Kaka, uko na nani huko?"

"Na mwanao. Hatukutaka kukuamsha."

"Mwanangu ninaye hapa kitandani, nimemshika mkono. Kaka, huyo usimjibu! Wa bwawani akikugusa, umekwisha."

Simu ikakatika.

Cheche akainua macho polepole. Mtoto alikuwa anamtazama.

"Nani huyo, mjomba?"

Hakujibu.

"Mbona unanitazama hivyo? Naogopa. Nije nikae kwako?"

Akainuka, mtumbwi ukayumba, akaanza kuja kwa magoti juu ya nyavu, mikono mbele, na Cheche, aliyekuwa amesikia habari za bwawa lile tangu utotoni na kuzicheka, akaona vidole vyeupe kwa baridi, akaona nywele zinazochuruzika umande, akasikia meno yakigongana kwenye kinywa kile kinachomwita mjomba, mjomba, kila mara karibu zaidi, hata pumzi yake ikamfikia usoni, na kasia likapanda lenyewe mikononi mwake, likashuka.

Maji yakapasuka. Mkono mmoja ukatokeza, ukashika ukingo wa mtumbwi. Akaupiga nalo. Ulipokuwa unateleza ndipo akaona kovu la duara juu ya kifundo, pale cheche ya mashine yake ilipomuunguza mtoto mwaka juzi, mjomba akalia naye usiku kucha.

Alijitosa. Alipapasa tope mpaka jua likachomoza, akiita, akimeza maji. Hakupata kitu.

Akarudi nyumbani akiwa tayari kuyasema yote. Dada yake alikuwa anafagia uani, anacheka.

"Makubwa! Umeanguka majini? Mwenzako kafika zamani, anasema ulibaki kufunga mtumbwi."

"Dada... ulinipigia simu?"

"Nikupigie na nini? Yangu imezima tangu jana."

Jikoni, binti alikuwa anakunywa chai. Sura ile ile, sweta lile lile, kavu. Alimpa mkono. Ulikuwa laini, hauna kovu, na jiko zima lilinuka ubani.

"Shikamoo, mjomba." Kisha akamvuta sikio karibu. "Mwambie mama. Mwambie ulichomfanyia mwanawe. Uone atamwamini nani."

"Mnanong'ona nini nyie?" dada aliuliza mlangoni, akimpitishia binti mkono begani. Cheche alifumbua kinywa. Akautazama uso wa dada yake, ulivyokuwa na furaha.

"Baridi tu," alisema.

Siku ya tatu bwawa lilitema maiti ya mtoto, uso na mikono vimeliwa na samaki, nguo zimechukuliwa na maji. Watu walisubiri ndugu zake wajitokeze, wapi. Dada yake Cheche, mwenye huruma, alitoa shuka lake jipya la kumsitiria, na Cheche akawa miongoni mwa waliochimba kaburi.

"Maskini," dada alisema, akimkumbatia binti aliyekuwa ubavuni mwake. "Sijui mama yake yuko wapi, asimtafute mwanawe."

Binti akamtazama mjomba, akatabasamu.